Foronya ya Mto wa Kochi Bila Zipu

Ndugu zangu akina mama, tusingoje cherehani. Sindano ya mkono yatosha.

Fueni kitenge kwanza, kwa kuwa pamba hurudi ikilowa. Kwa mto wa sentimeta 40 kwa 40, kateni kipande kimoja cha sentimeta 43 kwa 100. Pindeni ncha mbili fupi, sentimeta 2 kila moja, mzishone. Upande mzuri ukiwa ndani, kunjeni ncha hizo zipandane katikati kwa sentimeta 16. Shoneni pande mbili zilizo wazi, sentimeta moja na nusu kutoka ukingoni, kisha geuzeni.

Zipu ni gharama, nayo ikiharibika foronya huwa tambara. Hii huvuliwa, hufuliwa na kurudishwa.

Anayeuza akumbuke: mnunuzi hugeuza mto kutazama nyuma. Ukipunja pindo, hatarudi.