Tovuti Hii, Asiyeona Ataisoma?



Mnakumbuka siku zile kabla hatujajua kusoma. Barua ikija, tunampelekea mtoto wa jirani atusomee. Kufika jioni kijiji kizima kinajua yaliyomo.

Asiyeona bado yuko hapo, na wala si kwa kukosa elimu. Siku hizi maombi ya kazi hujazwa kwenye tovuti, yaani kurasa za intaneti. Simu inaweza kumsomea kurasa hizo kwa sauti, bila mtu wa pili. Lakini tovuti ikitengenezwa ovyo, sauti husema "kitufe", basi. Kitufe cha nini? Haisemi. Inambidi ampe mtu mwingine neno lake la siri amjazie fomu.

Kwa hiyo anayeanza kujifunza kompyuta afundishwe mapema kupima tovuti. Sisi tungeanza hivi. Aweke kando kipanya, kile kidude cha kusukuma kwa mkono, kwa sababu asiyeona hauoni mshale wake. Abonyeze kitufe chenye neno Tab, tena na tena. Kila akibonyeza, alama isogee mbele, na ionekane iko wapi. Ikipotea, au ikikwama mahali, hapo pana kasoro.

Kisha achukue simu. Simu nyingi za Android zina programu ya bure iitwayo TalkBack. (Ajue kuizima kabla ya kuiwasha! Ikiwaka, ukigusa mara moja inasoma tu. Kufungua ni kugusa mara mbili upesi.) Afunike kioo kwa khanga, ajaribu kujaza fomu mpaka mwisho. Jasho litamtoka, lakini ataelewa.

Ziko pia programu zinazopima zenyewe. Zitumike, ila tusizitegemee mno. Picha kwenye tovuti hufungwa pamoja na maneno ya kusomwa kwa sauti. Mtu akiandika "ramani" tu kwenye ramani ya kwenda hospitali, programu huenda ikaridhika. Asiyeona atafikaje huko hospitali?

Na wenye macho hafifu je? Shirika la W3C lilitoa kanuni za mambo haya mwaka 1999, na mwaka 2008 likaweka kipimo: tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo.

Mkikuta kasoro, waandikieni wenye tovuti. Watajieni ukurasa gani, kitufe gani, na sauti ilisema nini.