Mwokoaji Asiye na Mwajiri: Shukrani kwa Wanaozibeba Familia za Waokoaji Ukanda wa Ziwa



Mada niliyopewa ni shukrani kwa mashirika na vikundi vya hisani vinavyozitunza familia za watu waliokufa wakiokoa wengine. Mahali pengi ukimtaja mwokoaji, msikilizaji humwona askari wa zimamoto, polisi au mhudumu wa gari la wagonjwa. Hao tunao na tunawaheshimu. Lakini katika Ziwa Victoria, kutoka Musoma hadi Bukoba, na kutoka Ukara hadi Maisome, chombo kikizama anayefika kwanza ni mvuvi. Hana sare wala mkataba, na hakuna aliyemtuma. Akifa katika kazi hiyo, hakuna ofisi inayodaiwa fidia yake. Mjane wake na watoto hubaki mikononi mwa wenye huruma. Hoja yangu ni kwamba wenye huruma hao wanasimama mahali ambapo sheria haijafika, na shukrani yetu kwao iwe na uzito unaolingana na mzigo wanaoubeba.

Tuikumbuke Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air, ikitoka Dar es Salaam na watu 43, iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walikufa, 24 wakapona. Miongoni mwa waliowahi kufika kwa mitumbwi alikuwamo kijana mvuvi, Majaliwa Jackson. Alieleza mwenyewe jinsi alivyotumia kasia kuuvunja mlango wa nyuma, abiria wakapata pa kutokea. Kisha akajaribu kuwafikia marubani, akaumia, akapoteza fahamu na kuzindukia hospitalini. Mkoa wa Kagera ulimpa shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo na kazi. Taifa lilimshukuru, na lilifanya vyema.

Sasa, ndugu zangu, tuseme lile ambalo siku zile wengi tulilikwepa. Lau yule kijana asingezinduka, hundi ingeandikwa kwa jina la nani, na kwa kifungu kipi? Bima ya chombo humtambua abiria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, humtambua mfanyakazi ambaye mwajiri wake anachangia. Ni mfuko mzuri na umewafuta machozi wengi. Ila mvuvi aliyeacha nyavu zake akapiga kasia kuelekea moshi au mayowe si abiria wala mwajiriwa. Ujasiri wake wote hauna mahali pa kuandikwa katika fomu.

Miaka minne kabla ya hapo, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilikuwa ikitoka Bugorora kwenda Ukara, ikapinduka ikiwa imekaribia gati la Bwisya. Kivuko kile kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Waliowavuta majeruhi mwanzoni walikuwa wakazi wa Ukara wenyewe na wavuvi, kabla wazamiaji wa vyombo vya dola hawajafika. Jioni ile giza lilisimamisha kazi, na asubuhi yake watu wakarudi majini kutafuta miili ya majirani zao. Sijui kazi nyingine ngumu kuliko hiyo. Wengine waliifanya kwa siku kadhaa, kisha wakarudi kwenye dagaa zao bila mtu kuwauliza wamelalaje.

Wenzetu wa afya nao wamo katika hesabu hii. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Bukoba Vijijini, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Miezi michache nyuma, tarehe 1 Oktoba 2022, daktari Mtanzania alifariki Fort Portal, Uganda, kwa Ebola aliyoipata akiwa kazini. Alikuwa bado masomoni, akisomea upasuaji. Wahudumu wa afya 7 walikufa katika mlipuko ule. Hata katika taaluma yenye ofisi na mishahara, wamo wanafunzi, wamo wanaojitolea, wamo wahudumu wa ngazi ya jamii, ambao mkono wa mwajiri unawafikia kwa shida au hauwafikii kabisa.

Basi ni nani wanaozishika familia hizi? Naanza na wale wasiotajwa kwenye taarifa za habari. Ni vikundi vya kufa na kuzikana, vikoba, akina mama wanaokaanga na kuanika dagaa ambao, msiba ukitokea, hufika na unga, sukari na kuni kabla ya kiongozi yeyote kutoa tamko. Ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ni waumini wa msikiti wanaochanga baada ya sala ya Ijumaa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mialoni kwetu msemo huo unaishi. Mama ambaye mtaji wake mzima ni sado chache za dagaa anatoa robo yake kwa ajili ya mke wa mtu aliyekufa akiokoa watoto asiowajua. Kama kuna anayestahili kusomwa jina lake mbele ya mkutano huu, ni huyo.

Wako pia wenye usajili na ofisi. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, kilikuwa na watu wake Ukara mwaka 2018 kama kilivyo nao katika karibu kila maafa. Hapa Mwanza lipo shirika la EMEDO, ambalo kwa kushirikiana na RNLI, taasisi ya hisani ya uokoaji majini ya Uingereza, limekuwa likifanya kazi ya kuzuia watu kufa maji katika mialo ya ziwa hili. Lipo Tanzania Rural Health Movement, lililowafundisha askari wa zimamoto na waendesha bodaboda wa jiji hili namna ya kumhudumia majeruhi kabla hajafika hospitali.

Mtu anaweza kuniuliza mafunzo yanahusianaje na wajane. Yanahusiana sana. Wenye umri wangu hamwezi kuisahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Meli ilipinduka, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Likatobolewa tundu ili watoke. Hewa iliyokuwa ikiifanya meli ielee ikatoka, nayo meli ikashuka. Mamia walikufa, na makaburi ya Igoma yapo, kila mmoja wetu anaweza kuyafikia kwa daladala. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Hawakuwa na ujuzi wala vifaa vya kazi ile. Anayemfundisha mvuvi kuogelea kwa usahihi, kumkaribia mtu anayezama bila kuvutwa naye chini, na kusoma utabiri wa hali ya hewa kabla ya kusukuma mtumbwi, anaitunza familia yake mapema. Shukrani yetu iwafikie na hao.

RNLI niliyoitaja ilianzishwa mwaka 1824, na mpaka leo mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea: wavuvi, mafundi, wenye maduka. Tarehe 19 Desemba 1981, katika kijiji cha Mousehole huko Cornwall, boti yao ya uokoaji Solomon Browne ilitoka kwenye tufani kuifuata meli iliyoharibikiwa injini. Watu wote 8 wa boti ile walikufa, pamoja na 8 wa meli waliyokwenda kuiokoa. Kabla hawajaondoka, nahodha alimkataa kijana mmoja kwa sababu baba yake alikuwa tayari kwenye boti. Hakutaka nyumba moja itoe wawili usiku ule. Naomba viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni (BMU) mliweke hilo moyoni, kwa maana kwetu baba, mwana na mpwa hupanda mtumbwi mmoja, na likitokea la kutokea ukoo mzima hukatika.

Wananchi wa Uingereza walichanga zaidi ya pauni milioni 3 kwa ajili ya kijiji kile kidogo. Serikali yao ilipotaka kuukata kodi mchango huo, watu walikasirika mpaka ikaacha. Nalitaja hili kwa kuwa lilikuwa shukrani ya vitendo: umma ulisimama mlangoni kuhakikisha fedha ya mjane inamfikia mjane.

Mfano mwingine ni wa New York. Tarehe 11 Septemba 2001, magaidi waliposhambulia majengo pacha ya huko, walikufa askari wa zimamoto 343. Mmoja wao, Stephen Siller, alikuwa ametoka zamu. Alipokuta njia ya chini ya maji imefungwa kwa magari, alibeba vifaa vyake mgongoni akakimbia kwa miguu hadi kwenye majengo yale, akafia huko, akaacha mke na watoto 5. Siller alikuwa yatima; kaka na dada zake ndio waliomlea. Ndugu hao hao wakaanzisha taasisi ya Tunnel to Towers, ambayo leo hulipa madeni ya nyumba za familia za askari na waokoaji waliokufa kazini, ili watoto wasihamishwe baada ya kumpoteza baba au mama. Linalonigusa ni muda. Miaka zaidi ya ishirini baadaye bado wanachanga, bado wanalipa.

Hapo ndipo penye udhaifu wetu, na nitausema kwa upendo. Sisi ni hodari wa siku tatu za kwanza. Msibani daftari hufunguliwa, kila mchango huandikwa na jina lake, na mweka hazina husoma mapato, matumizi na kilichobaki mbele ya waombolezaji wote. Huo ni utaratibu wa uwazi ambao mashirika makubwa yangeweza kuja kujifunza. Lakini matanga yakianuliwa, daftari nalo hufungwa. Baada ya arobaini mama anabaki na watoto, na kama hana bahati, shemeji zake wanakuja kudai injini na nyavu. Januari shule zinafunguliwa, hakuna wa kumuuliza.

Kuna pia suala la fedha za umma. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 palikuwa na mjadala mkali: michango iliyokusanywa iende kwa waathirika mmoja mmoja, au ijenge miundombinu ya wote? Baada ya MV Nyerere, sehemu ya rambirambi ilielekezwa kwenye kituo cha afya cha Bwisya. Kituo kile ni baraka kwa Ukara, na sina neno baya juu yake. Ninachoamini ni kwamba mtoaji aambiwe mapema fedha yake inakwenda wapi, na kwamba fungu la mjane na yatima litengwe kabla ya tofali la kwanza. Mtu anayejua alichotoa kimefanya nini hutoa tena. Kumletea hesabu ni kumshukuru kwa heshima zaidi kuliko cheti na fulana.

Na tuache kuwapiga picha wajane wakipokea unga. Nimeona mama akiambiwa arudie kunyoosha mikono kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Mume wake alikwisha kulipa kwa uhai wake. Yeye hadaiwi machozi mbele ya kamera. Wafadhili wengi wenye moyo wa kweli hawaitaki picha hiyo. Sisi wenyeji ndio huwapangia tukidhani tunawafurahisha.

Ninayopendekeza ni machache, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Kila BMU iwe na daftari la waokoaji wa mwalo wake: jina, simu, mke au mume, watoto na mrithi aliyemtaja mwenyewe akiwa hai, nakala ikae ofisi ya kijiji au mtaa ili shemeji asije akapindisha. Kila kikundi cha uokoaji kikatiwe bima ya ajali ya pamoja. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa samaki na dagaa zichangie, na wenye viwanda vya minofu ya sangara waombwe kwa barua, kwa adabu, kwa sababu sangara hao huvuliwa na watu hawa hawa. Na kila mwaka, tarehe 20 Septemba, pale Bwisya au hapa mjini, mashirika na vikundi vilivyosaidia familia hizi visomewe hesabu hadharani: nani alitoa, mtoto gani yuko darasa la ngapi, mama gani amepata mtaji. Majina ya familia yasomwe kwa ridhaa yao tu.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba yake, 114, na tunawaomba watu waipige. Lakini kati ya simu kupigwa na gari au boti kufika kisiwani kuna saa nzima, pengine zaidi, na saa hiyo ni ya mvuvi. Mtandao huu wa hisani niliouelezea ndio unaomfanya asiogope kuitumia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba majadiliano yaanze na lile daftari. Nani atalishika katika kila mwalo, nani atalikagua, na kwa nini nafasi hiyo tusiwape akina mama wa dagaa, ambao vitabu vya vikoba vyao vimekaa safi miaka yote hii?