Mbio za Farasi za Aintree: Usalama wa Mnyama na Faida ya Kamari

(Hotuba iliyotolewa katika chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya maisha ya ugenini. Hayo kila aliyewahi kupanda ndege anayo ya kusimulia, na mengi yake ni habari za baridi. Mimi nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo moja ninalolijua kwa sababu ya kazi yangu ya udaktari wa wanyama, kazi niliyoifanya Uingereza kwa zaidi ya miaka 20. Jambo lenyewe ni mbio za farasi za kuruka vizuizi, na fedha ambazo watu huziwekea dau. Maalim mmoja hapa mezani amekwisha niuliza, kwa sauti ya chini, kama nimekuja kuwafundisha watu kamari. La hasha, Maalim. Nimekuja kueleza kamari humfanyia nini farasi, na jibu lake si jepesi kama linavyodhaniwa.

Labda wapo wanaosema farasi hatuhusu. Lakini jina la mbio hizi mnalijua. Zile mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambazo Amos Biwott alizishinda Mexico mwaka 1968, na ambazo tangu hapo mpaka mwaka 2016 Kenya haikukosa medali ya dhahabu katika Olimpiki yoyote iliyohudhuria, zimerithi jina na vizuizi vyake kutoka kwa farasi. Mwaka 1752, huko Cork katika nchi ya Ayalandi, mabwana wawili walishindana kwa farasi kutoka mnara wa kanisa la Buttevant hadi mnara wa kanisa la Doneraile, wakiruka kila ua na kila mtaro uliokuwa njiani. Mnara ndio uliokuwa alama ya kuonekana kwa mbali. Binadamu waliiga baadaye, kwa miguu yao wenyewe na kwa hiari yao wenyewe.

Mbio kubwa kuliko zote za namna hii ni zile za Grand National, katika uwanja wa Aintree, Liverpool, ambazo zinahesabiwa tangu mwaka 1839. Farasi hukimbia karibu kilomita 7 na kuruka mara 30. Vizuizi vyenyewe ni 16, vimevikwa matawi ya msonobari, na 14 kati yake hurukwa mara mbili. Kimoja kinaitwa Becher's Brook, kwa jina la Kapteni Becher aliyeangukia mtoni hapo katika mwaka ule wa kwanza. Ubaya wa Becher's si kimo chake. Ubaya wake ni kwamba ardhi ya upande wa kutua iko chini kuliko ya upande wa kurukia, kwa hiyo farasi anayetazamia kukuta ardhi anakuta hewa.

Sasa natumia ubwana mifugo wangu kidogo. Watu huniuliza kila mara: kwa nini farasi aliyevunjika mguu auawe, na mtu aliyevunjika mguu apigwe plasta? Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500, na chini ya goti mguu wake hauna nyama ya kuukinga, ni mfupa, mishipa na ngozi tu. Mfupa ukivunjika kwa kasi ya mbio mara nyingi hupasuka vipande vipande na kuchoma ngozi, uchafu ukaingia. Hata ukifanikiwa kuuunga, mgonjwa wako hawezi kulala kitandani miezi mitatu, kwa kuwa farasi akilala mno mapafu na matumbo yake huharibika. Basi husimama kwa miguu mitatu, na kwato ya ule mguu mzima uliobeba mzigo huanza kuoza kwa ndani na kuachana na mfupa. Wapo wanaopona, siku hizi wengi kuliko zamani. Lakini lile pazia la kijani linaloinuliwa uwanjani kuwazunguka daktari na farasi, mara nyingi ni huruma, si ukatili. Ukatili, kama upo, umekwisha tendeka kabla ya pazia.

Tuje kwenye fedha. Maduka ya kamari yaliruhusiwa mitaani Uingereza tangu Mei 1961, na mpaka leo hakuna siku ya mbio inayowavuta watu kama Jumamosi ya Grand National. Bibi kizee asiyeweka dau mwaka mzima huweka siku hiyo, kwa sababu farasi mmoja ana jina la mjukuu wake. Wenye maduka hukadiria kuwa fedha zinazowekwa hupita pauni milioni 100. Mwaka 1993, mbio zilipobatilishwa kwa kuanzishwa vibaya, madau yaliyorudishwa yalitajwa kuwa pauni milioni 75.

Kwa nini mbio hizi na si nyingine? Kwa sababu lolote laweza kutokea. Farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, vipande vya risasi chini ya tandiko, ili dhaifu apate nafasi. Njia ni ndefu na farasi ni wengi. Mwaka 1967, kwenye kizuizi cha 23, ambacho ni kidogo kuliko karibu vyote, farasi mmoja asiye na mtu mgongoni alikata njia mbele ya wenzake. Wakagongana, wakapandana, wakageuka nyuma, wapandaji wakatupwa juu ya ua. Farasi mmoja aliyekuwa nyuma sana, Foinavon, alipata upenyo, akaruka peke yake, akashinda. Bei yake ilikuwa mia kwa moja. Kizuizi hicho sasa kinaitwa kwa jina lake, na kisa chake husimuliwa katika maduka ya kamari kwa vicheko hadi leo. Mimi nakisikia na kucheka pia, maana ni kisa kizuri. Lakini angalieni kinachochekwa: ni ajali ya barabarani iliyomnufaisha aliyechelewa.

Hapo ndipo lilipo fundo la mazungumzo yangu. Kile kinachovuta dau, yaani wingi wa farasi, urefu wa njia na ugumu wa vizuizi, ndicho hicho hicho kinachowavunja farasi. Basi kila mara mtu aliposema tupunguze, jibu lilikuwa: mkipunguza mtaua mbio, na watu hawataweka fedha. Nimelisikia jibu hilo kwa masikio yangu, kutoka kwa watu wenye heshima zao, na lilisemwa kila safari kana kwamba ni mara ya kwanza.

Tutazame yaliyotokea. Mwaka 1989 farasi wawili walikufa Becher's, na baada yake ule mteremko wa kutulia ukasawazishwa na mto ukainuliwa kina chake. Mbio hazikufa. Mwaka 2011 walikufa wawili. Watu milioni kadhaa waliona katika televisheni farasi waliobaki wakipitishwa kando ya vizuizi viwili katika mzunguko wa pili, kwa sababu nyuma ya vizuizi hivyo mlikuwa na maturubai. Mwaka 2012 walikufa wawili tena, na mmoja alikuwa Synchronised, aliyekuwa ametwaa Kombe la Dhahabu la Cheltenham mwezi mmoja tu kabla. Huyu aliangukia Becher's, akainuka mzima, akaendelea kukimbia bila mtu, akavunjika mguu mbele ya safari. Hakuna aliyemlazimisha. Farasi ni mnyama wa kundi, na kundi likikimbia naye hukimbia. Wanaosema kwamba farasi anayekimbia bila mpandaji anathibitisha kuwa anapenda mashindano wamfikirie huyo. Hata ng'ombe wetu hufuatana hivyo hivyo, na hakuna asemaye kuwa wanashindana.

Baada ya hapo, mwaka 2013, kulifanyika jambo la maana. Magogo magumu yaliyokuwa moyoni mwa vizuizi yaliondolewa, pakawekwa plastiki inayolegea farasi akiigonga, na mahali pa kuanzia pakasogezwa mbele. Kuanzia mwaka huo hadi 2018 hakufa farasi hata mmoja katika mbio zenyewe za Grand National. Je, maduka ya kamari yalifungwa? Yule bibi kizee aliendelea kuja na pauni yake. Mwenye dau ananunua shaka, hanunui hatari, na shaka ilikuwa bado tele.

Lakini siwezi kuwaficha upande wa pili. Vifo vilirudi: mmoja 2019, mmoja 2021, wawili 2022, mmoja 2023. Wapo wajuzi, wala si wajinga, wanaosema kuwa kizuizi kinapolainishwa farasi hupelekwa kwa kasi zaidi, na kasi ndiyo inayovunja mfupa. Naamini wana haki nusu. Mwaka 2023 waandamanaji waliingia uwanjani, wakakamatwa watu 118, mbio zikachelewa, na zilipoanza farasi Hill Sixteen akafa kwenye kizuizi cha kwanza kabisa. Waandamanaji waliwalaumu wenye mbio, wenye mbio wakawalaumu waandamanaji kwa kuwatia farasi wasiwasi. Mimi naona kizuizi cha kwanza kimekuwa kikiangusha farasi miaka mingi kabla ya maandamano yoyote. Farasi 40 wakitimuliwa kwa pamoja, kila mpandaji akitaka nafasi, hufika pale wakiwa na kasi kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 2024 ndipo hatimaye waligusa kile ambacho wenye kamari walikilinda sana, yaani idadi. Walipunguza kutoka 40 hadi 34, wakasogeza kizuizi cha kwanza karibu na mwanzo, na wakapandisha kiwango cha chini cha ubora wa farasi. Msidhani idadi ni jambo dogo kwa duka la kamari. Upo mtindo wa kuweka dau pande mbili, nusu farasi ashinde, nusu awe miongoni mwa wa mbele. Farasi wakiwa wengi, wapo wengi wa bei kubwa, mia kwa moja na zaidi, na hao ndio wanaouza ndoto. Kila farasi dhaifu anayeondolewa ni ndoto moja imetoka dirishani. Mwaka huo walianza 32, wakamaliza 21, na hakuanguka hata mmoja. Mwaka mmoja hauthibitishi kitu, najua. Mwaka uliofuata, 2025, Celebre d'Allen, farasi wa miaka 13 mwenye bei ya 125 kwa moja, alianguka baada ya mbio na kufa siku chache baadaye. Uchunguzi ulimkuta na maambukizi makali ya mapafu, kwa hiyo sitamtumia kuwa shahidi wangu. Nasema tu kwamba farasi wa umri huo hajashinda Grand National tangu mwaka 1923.

Liko jambo jingine dogo linaloonyesha nani analindwa kwanza. Mwaka 2011 mpandaji aliyeshinda aliadhibiwa siku 5 kwa kupiga fimbo kupita kiasi, ushindi ukabaki na madau yakalipwa. Kanuni za mwaka 2023 ni kali zaidi: fimbo 7 tu, na anayezidisha kwa 4 farasi wake hunyang'anywa nafasi. Lakini kamati inayoamua hukaa siku za baadaye, wakati madau yamekwisha lipwa. Mwenye farasi hupoteza zawadi, mwenye dau hapotezi hata senti. Ningependa siku moja fimbo ya nane imuume na yeye mfukoni. Mngeona jinsi maduka yote yangejaa walinzi wa farasi.

Hata hivyo, Maalim, haki lazima isemwe. Kwa sheria, wachezesha kamari Uingereza hutoa asilimia 10 ya kinachobaki kwao baada ya kuwalipa washindi wa mbio za nchini, kikizidi kiwango fulani, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye utafiti wa magonjwa na ajali za farasi. Mambo mengi niliyoyatumia katika kazi yangu yamepatikana kwa fedha za namna hiyo. Mfano mzuri wa manufaa ya utafiti ni wa rangi. Kwa miaka mingi mbao za vizuizi zilipakwa rangi ya chungwa ili zionekane. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter walichunguza wakaona kwamba macho ya farasi hayaitofautishi rangi hiyo na kijani cha majani. Rangi ile ilikuwa ikiwasaidia watazamaji! Kuanzia mwaka 2022 zilibadilishwa kuwa nyeupe. Jambo la ndoo ya rangi na brashi, na lilichukua miaka yote hiyo kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza farasi.

Mkiniuliza mimi ningefanya nini, ningeteremsha idadi hadi farasi 28, na farasi wa miaka 13 wasiingie. Kizuizi cha kwanza ningekiondoa kabisa, waanze kwa kile cha pili. Juu ya hili la mwisho tumebishana na rafiki zangu wa kazi mpaka usiku wa manane, na bado wengi wao hawakubaliani nami.

Bwana Mwenyekiti, naona sahani zinakuja. Wenye maswali nitawajibu huku tukila.