Chema Chajiuza, Lakini Sharti Kionekane

Ninyi mlio darasani, fungueni kurasa zenu, mfuate maneno haya kwa macho huku mkinisikiliza.

Leo tutazungumza juu ya mwanagenzi katika kazi ya biashara na matangazo. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya wale waliomtangulia. Baadhi yenu mna vijana walio katika mafunzo hayo. Wengine, mkisha kusoma na kuandika vizuri, mtakwenda wenyewe. Muda wa mafunzo ni mfupi, pengine miezi miwili au mitatu tu. Je, mtu afanye nini ili kazi yake ijulikane, asiondoke mikono mitupu?

Wazee wetu walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni maneno ya kweli, lakini wengi wetu huyaelewa nusu. Hudhani kwamba mtu hodari yampasa kunyamaza tu. Hebu fikirini. Mchele mzuri ulio ndani ya gunia lililofungwa, katika ghala lenye giza, utajiuza kwa nani? Mwenye duka hulifungua gunia, akamimina mchele kidogo katika ungo, akauweka mlangoni. Hasemi uongo, wala hapigi kelele. Anaonyesha tu.

Tazameni kanga. Katika kanga nyingi kutoka Mombasa mtasoma maandishi madogo: Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887. Nguo ni nzuri, lakini kwa alama ile mnunuzi hujua imetoka kwa nani, na akiipenda hurudi kwa mwenyewe. Na kazi yako wewe, ina alama gani?

Sasa nitawaambia yaliyonipata mimi. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya chuo kikuu, nilipelekwa katika ofisi moja ya matangazo kwa miezi mitatu. Nilitunga matangazo ya redio ya sekunde 30, nayo yakasomwa hewani. Sikuweka nakala hata moja. Nilijiambia, “Wakubwa wanaona.” Mwenzangu tuliyeingia naye siku moja alikuwa na daftari, na kila jioni aliandika humo mistari mitatu minne. Siku ya mwisho mkuu wa ofisi, ambaye mara nyingi alikuwa safarini, alituita, akauliza, “Mmefanya nini hapa?” Mwenzangu akafungua daftari lake. Mimi nikajibu, “Nimesaidia kazi mbalimbali, mzee.” Nafasi ya ajira ilikuwa moja, nanyi mmekwisha kujua aliyeipata. Sikuonewa. Mkuu yule hakuwa mganga hata aweze kusoma yaliyo moyoni mwangu.

Basi, shikeni mambo haya matano.

Kwanza, uwe na daftari. Andika tarehe, kazi uliyofanya, uliyemfanyia, na matokeo yake. Usiandike, “Nimefanya kazi nzuri sana.” Andika hivi: “Jumanne. Nimetunga tangazo la duka la sabuni. Nilisahau bei, nikasahihishwa. Tumebandika karatasi 40 sokoni. Hadi Ijumaa wateja 12 wamelitaja.” Hesabu ndogo ya kweli yashinda sifa kubwa.

Pili, weka nakala za kazi yako, lakini omba ruhusa kwanza. Siri za ofisi ni za ofisi. Majina na namba za simu za wateja hazitoki nje. Hapa Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukitaka kuonyesha kazi yako katika simu au intaneti, kanuni ni hiyo hiyo.

Tatu, zungumza na msimamizi wako. Kila Ijumaa mwombe dakika tano. Mwambie, “Mama, wiki hii nimefanya haya na haya. Lipi nirekebishe?” Hapo umemheshimu, umejifunza, na tena umejitangaza.

Nne, sema kweli. Kazi mliyoifanya watu watatu, sema, “Tulifanya,” kisha utaje sehemu yako. Mwenye kujisifu husema, “Mimi ni hodari.” Mwenye kujitangaza husema, “Nimefanya hili, tazama.” Ukichukua kazi ya mwenzako ukaiita yako, siku utakapoambiwa uifanye tena utaumbuka. Njia ya mwongo ni fupi.

Tano, kabla hujaaga, omba barua inayotaja kazi ulizofanya. Barua isemayo tu kwamba ulikuwapo haitakusaidia sana. Mpe msimamizi orodha fupi kutoka katika daftari lako, naye ataandika kwa urahisi.

Ndugu zangu, wako miongoni mwenu ambao zamani walitia sahihi kwa dole gumba. Leo mnashika kalamu. Kalamu hiyo si ya kuandikia jina tu. Ni ya kuwekea kumbukumbu ya jasho lako, asije mtu akasema hukufanya kitu. Msingoje kuwa wanagenzi. Anzeni leo jioni, kwa kazi ya shamba, ya duka au ya cherehani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwandishi hakupata nafasi, ingawa matangazo yake yalisomwa redioni?
2. Kujisifu na kujitangaza vyatofautianaje? Toeni mifano kutoka mtaani kwenu.
3. Andika mistari mitatu juu ya kazi uliyoifanya jana. Taja tarehe na hesabu moja ya kweli.