Huruma na Mizani

Asubuhi ya leo twataka kuwasimulia habari za wanyama watatu wadogo, na za kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Kosa lile halikutokana na ukatili. Lilitokana na huruma.

Sisi ni mume na mke, nasi tuna watoto wawili. Tangu mwaka 2019 hadi mwaka 2023 tulikaa Marekani, katika jimbo la Minnesota, kwa ajili ya masomo. Huko watu wengi hufuga wanyama ndani ya nyumba. Mnyama akitupwa, au mwenyewe akishindwa kumtunza, hupelekwa katika nyumba ya kuwaokoa wanyama, akae humo mpaka apatikane mtu wa kumchukua. Basi mwezi wa Januari mwaka 2021 tulikwenda katika nyumba moja ya namna hiyo, kwa kuwa watoto walikuwa wameomba kwa muda mrefu, tukarudi na chinchila watatu. Wawili walikuwa majike wazima waliotolewa mahali walipokuwa wamesongamana katika uchafu. Wa tatu alikuwa mtoto wa mmoja wao, aliyezaliwa baada ya mama yake kuokolewa. Siku tuliyomchukua alikuwa na umri wa siku kumi na mbili. Watoto wetu walimwita Punje, maana alienea katika kiganja cha mkono.

Huenda utauliza, chinchila ni mnyama gani? Ni wa jamii ya panya, lakini ni mkubwa karibu kama sungura mdogo, mwenye masikio mapana na mkia wa manyoya kama wa kindi. Nyanya ya watoto wetu, akaaye Kinangop, alipoiona picha alituambia, "Wanangu, mmevuka bahari yote hiyo kwenda kufuga panya?" Tulicheka sana siku ile. Hatukujua kwamba baada ya siku chache tungemhitaji nyanya huyo.

Kwao chinchila ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, penye mawe, ukame na baridi kali. Mungu amewavika vazi la ajabu. Sisi wanadamu, katika kitundu kimoja cha ngozi ya kichwa huota unywele mmoja au miwili mitatu tu, lakini kwao huota zaidi ya hamsini pamoja. Vazi hilo ndilo lililowaletea mauti. Watu waliwawinda kwa ajili ya ngozi mpaka walikaribia kwisha, hata mwaka 1910 nchi za Chile, Bolivia, Peru na Argentina zikapatana kuuzuia uwindaji huo. Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, aliwapeleka chinchila kumi na mmoja California. Husimuliwa kwamba aliwateremsha kutoka milimani polepole sana, akipumzika njiani wapate kuzoea hewa ya chini, na melini akawawekea barafu wasife kwa joto. Mtu huyo alitaka kuwafuga kwa ajili ya ngozi zao, na bado alijifunza kwanza jinsi walivyoumbwa.

Sisi tuliowachukua kwa upendo hatukujifunza kwanza. Tulikabidhiwa karatasi ya maagizo, tukaikunja, tukaitia mfukoni.

Jioni ile ya kwanza nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Tuliwahurumia, tukakiweka kizimba chao karibu kabisa na chombo cha kupashia nyumba joto. Kisha tulisikia harufu ya mkojo katika manyoya yao, tukatia maji ya uvuguvugu katika beseni tuwaogeshe. Mtoto wetu mdogo naye alikuwa amekwisha kuwapa zabibu kavu kiganja kizima, akifurahi jinsi walivyozishika kwa mikono yao miwili kama watu.

Kabla hatujawatia majini, mmoja wetu aliikumbuka ile karatasi. Tulipoisoma tulinyamaza. Ilisema kwamba chinchila hawezi joto: likikaribia nyuzi 27 laweza kumwua. Hali ya hewa ambayo mtu wa Mombasa huiona ya kawaida, kwake ni hatari. Ilisema asiogeshwe kwa maji, kwa sababu manyoya yake ni mazito mno, hayakauki upesi, naye hupata ugonjwa wa ngozi. Yeye huoga vumbi. Huwekewa bakuli la unga laini wa mawe ya volkeno, akajigaragaza humo kwa dakika kumi hivi, mara chache kwa juma, akatoka safi. Tena ilisema zabibu na vitu vitamu huharibu tumbo lake, kwani chakula chake hasa ni nyasi kavu, pamoja na chakula kidogo cha vidonge na maji safi.

Basi mambo matatu tuliyoyatenda kwa huruma katika saa moja, yote matatu yalikuwa ya kumdhuru. Tulikiondoa kizimba pale penye joto, tukamwaga maji ya beseni, tukaficha zabibu.

Siku ya tatu tukaona kwamba Punje hachezi. Mtoto wa chinchila si kama mtoto wa panya wa kwetu, azaliwaye uchi na kipofu. Mama yake humbeba mimba siku 111, naye huzaliwa na manyoya, macho yake yamefunguka, na siku ile ile huanza kukimbia. Huyu wetu alikaa pembeni amejikunja. Tulimweka juu ya mizani ya jikoni. Siku tuliyomchukua alikuwa na gramu 52. Sasa alikuwa na gramu 47. Daktari wa wanyama alimtazama, akasema maziwa ya mama yake hayatoshi. Alituagiza tumwache akae na mama yake apate joto, lakini tumwongezee maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na maji kwa kipimo alichotupa, kila baada ya saa mbili mchana na saa tatu usiku, kwa bomba dogo la sindano, sindano yenyewe ikiwa imeondolewa.

Usiku wa kwanza tulikuwa na haraka ya kumwokoa. Tulimlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu, tukasukuma maziwa. Yakatokea puani. Alipiga chafya, akatweta, nasi tukadhani tumemwua kwa mikono yetu wenyewe. Ilikuwa saa tano usiku kwetu, na kule nyumbani ilikuwa saa mbili asubuhi. Tukampigia simu Mama huko Kinangop, kwa maana yeye amewalea wana-kondoo yatima wengi jikoni mwake.

Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mmemlaza vipi?" Tukamwambia. Akasema, "Hapana, wanangu. Msimlaze chali. Mwacheni asimame kwa miguu yake, kichwa chake kama kilivyo. Wekeni tone moja mdomoni, mngojee alilambe, ndipo mweke jingine. Mwacheni anywe. Ninyi msimnyweshe."

Asubuhi tulimsimulia daktari, naye akasema kwamba mama yule amesema kweli, kwani maziwa yakiingia katika mapafu mnyama mdogo hufa. Basi tulifanya hivyo. Tone moja, tunangoja. Tone la pili, tunangoja. Chakula cha kijiko kimoja kilituchukua nusu saa. Tuligawana usiku, mmoja akilala, mwingine akikaa. Tuliteremsha vibao vya kizimba vikawa chini, asianguke akavunjika mfupa, nasi tukaziba nafasi za nyaya zilizokuwa pana. Kila asubuhi tulimpima na kuandika katika daftari: gramu 47, gramu 47, gramu 48, gramu 50. Siku ya gramu 50 watoto waliimba.

Ndugu msikilizaji, kama habari ingeishia hapa ingekuwa habari njema tu. Lakini hatujakueleza juu ya yule jike mwingine.

Yeye hakuwa na mtoto. Hakutusumbua. Wakati sisi sote tulipokuwa tumemwinamia Punje na bomba letu la maziwa, yeye alikaa juu ya kibao chake kimya. Wageni walipokuja tuliwaambia, "Huyu ndiye mpole kuliko wote." Tuliona kidevu chake kimeloa, tukadhani amekunywa maji. Tuliona jicho moja linatoa machozi, tukasema ni vumbi la kuogea. Tuliona nyasi zake zimebaki, tukasema ni mnyama asiye na tamaa.

Baada ya majuma matatu mtoto wetu mkubwa alisema, "Kwa nini yeye hatumpimi?" Hatukuwa na jibu. Tulimweka juu ya mizani. Karatasi ya nyumba ile ilisema ana gramu 610. Mizani ilionyesha gramu 480.

Tulimpeleka kwa daktari siku ile ile. Meno ya chinchila hukua siku zote za maisha yake, na nyasi kavu ndizo huyasaga yasirefuke. Huko alikotoka inaonekana hakupata nyasi za kutosha kwa miaka mingi. Picha ya eksirei ilionyesha mizizi ya meno imekua mpaka ndani ya taya na kuelekea jichoni. Kila alipotafuna aliumia. Daktari alituambia kwamba wanyama wa namna hii huyaficha maumivu yao, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Ule tuliouita upole ulikuwa maumivu. Hapakuwa na dawa ya kumponya, naye alipewa sindano ya kumpumzisha. Tulirudi nyumbani na kizimba kidogo kitupu, na hakuna aliyesema neno njiani.

Tulimwuliza daktari kama tungalimwokoa laiti tungalimpima mapema. Alisema ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, pengine asingalipona. Lakini asingaliumwa majuma matatu nyumbani mwetu, machoni petu, huku tukimsifu.

Kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, humtambua mtu mwenye haki hata kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake. Zamani tulidhani maana yake ni kutompiga mnyama na kutomnyima chakula. Sasa twaona kwamba ni zaidi ya hayo. Ni kumjua. Huruma huufungua mlango wa nyumba, lakini huruma peke yake haijui kama mgeni aliyeingia anahitaji joto au baridi, maji au vumbi. Lazima iulize, isome, ingojee, ipime.

Kwa hiyo, ikiwa utamchukua mnyama yeyote asiye na mwenyewe, awe sungura, mwana-kondoo au mbwa wa njiani, twakushauri mambo haya machache. Uliza habari zake kabla hajafika kwako. Siku za kwanza umpe mahali pa utulivu, wala usimbadilishie chakula chake kwa ghafula. Kama unao wengine, mtenge kwanza kwa majuma kadhaa, asije akawaambukiza ugonjwa. Na wote walio mkononi mwako uwapime, si yule anayelia peke yake.

Nasi hatuwezi kumaliza bila kutazama nyumba zetu wenyewe. Katika jamaa nyingi yuko mmoja ambaye macho yote humwelekea: mtoto mchanga, au mgonjwa, au yatima aliyeletwa juzi. Ni vema aangaliwe. Lakini yuko na mwingine, asiyeomba kitu. Pengine ni binti wa miaka kumi na miwili asiyewasumbua walimu. Pengine ni babu ambaye kila akiulizwa hujibu, "Mimi sijambo." Pengine ni mama aketiye kiti cha nyuma kanisani kila Jumapili, nasi tumezoea kusema, "Yule ni mtulivu." Je, ni lini tulikaa naye mara ya mwisho tukamwuliza habari zake, tukangoja mpaka ajibu?

Punje alikua. Alipotimiza majuma manane alikuwa amepita gramu 200, akawa anaruka ukutani usiku watu wakitaka kulala. Chinchila aliyetunzwa vema aweza kuishi miaka kumi hata ishirini, na tuliporudi Kenya mwaka 2023 tuliwaacha yeye na mama yake kwa jamaa moja tuliyoiamini. Tuliwapa kizimba, nyasi, na bakuli la vumbi. Tuliwapa pia mizani na lile daftari, na juu ya ukurasa wa kwanza tukaandika: "Kila Jumamosi, wote."

Bwana atupe huruma, na pamoja na huruma atupe macho ya kumwona yule aliyenyamaza.