Mafunzo ya Kuokoa Uhai Yaendelee kwa Tahadhari Wakati wa UVIKO-19
Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata za mwambao wa Ziwa Victoria kabla ya kuanza kwa mafunzo ya huduma ya kwanza



Moyo uliosimama haungoji janga lipite. Mvuvi akiopolewa ziwani bila pumzi, au mzee akianguka ghafla nyumbani, ubongo wake huanza kudhurika ndani ya dakika chache kwa kukosa oksijeni. Mara nyingi jirani au ndugu ndiye mwokoaji wa kwanza. Kwa hiyo mafunzo ya kukandamiza kifua na kupuliza pumzi hayastahili kusitishwa. Kinachostahili kubadilika ni namna ya kuyaendesha.

Hofu ya wananchi ina msingi. UVIKO-19 huenea kwa matone na chembe ndogo zinazotoka mdomoni na puani. Katika darasa la kawaida, washiriki husongamana kumzunguka mwanasesere mmoja wa mafunzo, humpulizia kwa zamu, na hutweta kwa kuwa kukandamiza kifua ni kazi ya jasho.

Ili kuondoa hatari hiyo, mafunzo yafanyike mahali penye hewa ya kutosha, ikiwezekana nje chini ya kivuli. Vikundi viwe vidogo, na kati ya mshiriki na mwenzake pawepo mita mbili. Mwenye homa, kikohozi au mafua abaki nyumbani. Nafasi yake ihifadhiwe hadi atakapopona. Kila mmoja anawe mikono kwa maji tiririka na sabuni, avae barakoa, na jina lake liandikwe kwenye daftari ili afuatiliwe iwapo mwenzake atagundulika kuwa mgonjwa.

Mwanasesere asafishwe kila anapobadilishwa mtumiaji: kwanza kwa maji ya sabuni kuondoa uchafu, kisha kwa spiriti yenye kiwango cha asilimia 70, na aachwe akauke mwenyewe. Kufuta kwa kitambaa kikavu pekee hakutoshi.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni pumzi. Mshiriki asipulize mdomo kwa mdomo kwa mwanasesere anayetumiwa na wengine. Mkufunzi ataonyesha kwa kifaa chake, na mshiriki atajifunza kuinamisha kichwa nyuma, kuinua kidevu na kuhesabu, bila kupuliza. Atakayepuliza awe na kifaa chake mwenyewe cha mdomoni.

Somo la pumzi, hata hivyo, lisifutwe. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kukandamiza kifua pekee kunaweza kumsaidia hadi wataalamu wafike. Aliyezama majini amekosa hewa tangu mwanzo. Yeye, kama ilivyo kwa watoto wengi, anahitaji pumzi pia. Kwa wakazi wa mialoni, kuacha somo hilo ni kuacha nusu ya uokoaji.

Katika tukio halisi, mwokoaji apaze sauti kuomba msaada, na mwenzake apige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au awaite wahudumu wa kituo cha afya kilicho karibu. Mdomo na pua za mgonjwa mzima aliyeanguka zifunikwe kwa barakoa au kitambaa chepesi. Kisha kifua kikandamizwe katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa aliyezama au mtoto, aliye tayari kupuliza atoe pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Ndugu wanaoishi nyumba moja tayari wanavuta hewa moja. Wasisite kumsaidia mwenzao.

Baada ya uokoaji, mikono inawe kwa sabuni, nguo zifuliwe, na afya ya mwokoaji iangaliwe kwa siku 14.

Wanaotaka kushiriki wajiandikishe kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Waje na barakoa zao, na wasije wakiwa wagonjwa.