Siku Nane za Kipchoge Keino

(Haya ni mazungumzo ya mwenyekiti wa kikundi kimoja cha ng'ombe wa maziwa, mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya upande wa Eldoret. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Nimepewa dakika 15. Wanaonijua wanajua nitachukua 20, kwa hiyo mnivumilie.

Nimeombwa niseme juu ya kikundi kuendelea baada ya mwaka mbaya. Habari yetu mmeisikia. Tulikopa pesa tukanunua mitamba 4 wenye mimba, na 2 wakafa kwa ndigana kali kabla ya kuzaa. Ng'ombe wamekufa, deni halikufa. Alhamisi ijayo tunakutana kuamua kama tutawauza waliobaki, tulipe, na kila mtu aende zake. Sitasema sasa hivi nitainua mkono upande gani. Kwanza nataka kuwasimulia habari ya mtu mnayemjua.

Hapa mjini kuna uwanja wenye jina la Kipchoge Keino. Vijana wakisikia Kipchoge wanafikiri ni Eliud wa marathoni. Huyu ni mzee wetu, mzaliwa wa Nandi, mwaka wa 1940. Alikuwa polisi, mwalimu wa mazoezi ya viungo pale chuo cha Kiganjo, na mbio zake zilikuwa za ridhaa. Siku zile mkimbiaji akipokea pesa za kushinda, basi, Olimpiki aisahau. Ulikuwa unashinda, unapewa kikombe, Jumatatu unarudi kazini kama kawaida.

Mambo yake hayakuwa ya kupanda tu. Tokyo mwaka wa 1964 alikuwa wa 5 katika mita 5,000. Mwaka wa 1965 akavunja rekodi 2 za dunia, ya mita 3,000 na ya mita 5,000. Mwaka wa 1967 akakutana na Mmarekani, Jim Ryun, kule Los Angeles katika mita 1,500. Ryun akaweka rekodi ya dunia, na mzee wetu akaja nyuma yake kwa sekunde 4 hivi. Kwa mbio kama hizo, sekunde 4 ni kama mtu kukuacha sokoni yeye akiwa ameshafika nyumbani.

Sasa tufike Olimpiki ya Meksiko, mwezi wa Oktoba 1968. Keino alikwenda akiwa mgonjwa, maumivu makali ya kifuko cha nyongo. Hata hivyo alijiandikisha mbio 3: mita 10,000, mita 5,000 na mita 1,500. Ukihesabu na za mchujo, ni mara 6 uwanjani kwa siku 8. Mimi nikienda kisimani mara 2 kwa siku moja nyumba nzima itasikia.

Tarehe 13 ilikuwa mita 10,000. Alikuwa na wale wa mbele, zimebaki raundi chache, tumbo likamshika akaanguka nje ya njia, kwenye nyasi. Watu wa machela wakaja mbio. Kuwaona tu, akainuka akarudi njiani akamaliza, lakini kwa kanuni alikuwa ametoka tayari. Siku hiyohiyo Naftali Temu akashinda mbio hizo, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Nchi ilishangilia, kama ilivyostahili. Lakini mimi nafikiria huyu mwingine usiku ule kitandani, anasikia wenzake wakiimba.

Tarehe 17, mita 5,000. Gammoudi wa Tunisia akamshinda kwa sehemu 2 za kumi za sekunde. Fedha. Wengi tungesema yatosha, turudi nyumbani.

Tarehe 20 ilikuwa Siku ya Kenyatta, hii ambayo siku hizi tunaiita Mashujaa. Daktari alimwambia asikimbie. (Jamani, siwaambii mkatae maneno ya daktari! Sisi mitamba wetu wamekufa kwa sababu tulichelewa kumwita daktari wa mifugo.) Keino akapanda basi kwenda uwanjani. Basi likakwama kwenye msongamano wa magari. Akaona saa inakwenda, akateremka, akakimbia kwa miguu mpaka uwanjani. Mbio kabla ya mbio.

Sasa nisikilizeni hapa. Katika mita 1,500 alikuwako tena Ryun, na Ryun alikuwa hajashindwa mbio hizo kwa zaidi ya miaka 3. Nguvu yake ilikuwa mwishoni. Ukifika naye raundi ya mwisho bega kwa bega, umekwisha. Kwa hiyo ilibidi achoshwe mapema, na mahali pale pana urefu wa mita 2,240 juu ya bahari, hewa nyembamba kama ya kwetu huku, ambayo wageni huwashinda. Aliyeifanya kazi hiyo ni kijana mwingine Mkenya, Ben Jipcho, mtu wa Mlima Elgon. Alifyatuka kama aliyeona moto, akamaliza mita 400 za kwanza kwa sekunde 56. Ryun hakuthubutu kufuata, akabaki nyuma. Keino akafuata, kisha akashika mbele, na hakuna aliyemwona uso tena. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Ryun akaja karibu sekunde 3 baadaye, kama mita 20 nyuma.

Na Jipcho? Alikuwa wa 10. Hakuna medali ya mtu wa 10.

Miaka 4 baadaye kule Munich, Keino alipata dhahabu ya kuruka viunzi na maji, na wa pili alikuwa Jipcho huyohuyo. Mwaka wa 1973 Jipcho akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Alifariki mwaka wa 2020. Lakini ile siku ya Meksiko hakujua kama hayo yangekuja. Alijua tu kwamba anajichosha kwa ajili ya mwenzake.

Katika kikundi chetu yuko mama mmoja. Kwenye orodha ya kupewa ndama, zamu yake ni ya mwisho kabisa. Ndiye aliyekuwa anaamka saa 11 alfajiri kuwapiga mitamba dawa ya kupe, sisi wengine tukiruka zamu zetu, na mimi mwenyekiti nikiwamo. Wale 2 waliobaki, wapo kwa sababu ya mikono yake. Tukiuza Alhamisi, pesa zote zitakwenda kwenye deni, na yeye atarudi nyumbani na bomba la dawa tupu. Yeye mwenyewe hasemi kitu mkutanini. Ndiyo maana nimesema mimi, na sasa mmejua mkono wangu utakuwa upande gani.

Mkutano ni saa 8 mchana, palepale pa siku zote. Mweka hazina aje na kitabu cha deni. Naona chai imefika.